Mapambo ya maua msimu wa majani kupukutika: mwongozo kamili wa kupamba nyumba kuanzia Septemba hadi Novemba

Kwa anayeishi Uingereza, Ujerumani, Kanada au kaskazini mwa Marekani, Septemba ikifika katikati bustani huanza kuchoka, na kila siku giza linaingia mapema kidogo kuliko jana. Hapa Uingereza saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tangu siku hiyo wengi wetu tunatoka kazini gizani. Hapo ndipo mtu anakwenda dukani, ananunua shada moja la waridi, analitumbukiza kwenye chombo karibu na hita, linanyauka kabla wiki haijaisha, na mwaka huo habari ya maua imekwisha.

Shauri langu ni moja: pambo la msimu huu usilijenge kwa maua. Lijenge kwa matawi, majani, masuke na matunda yanayokauka bila kuoza. Maua yawe machache, na hayo ndiyo unayobadilisha. Msingi mkavu utakaa miezi miwili na zaidi, na kila wiki utanunua mashina machache tu badala ya shada zima. Mifano yangu mingi ni ya Uingereza, lakini namna ya kufanya haibadiliki sana ukiwa Hamburg au Toronto. Kinachobadilika ni tarehe tu, kwa sababu baridi kali huwahi zaidi Kanada kuliko London.

Jua nini kinapatikana lini

Septemba ni mwezi wa dalia, alizeti na asta. Dalia asili yake ni Mexico, na huko ilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1963. Haivumilii baridi hata kidogo. Usiku wa kwanza wa jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya nyasi, mmea mzima unaamka mweusi. Kwa hiyo usiiwekee mipango ya Novemba. Itumie mapema, tena kwa wingi.

Oktoba na Novemba ni zamu ya krisanthemu. Mmea huu huchanua usiku unapokuwa mrefu, ndiyo maana kwa asili yake ni ua la msimu huu. Yale unayoyaona madukani mwezi wa Aprili yamefunikwa vitambaa vyeusi ndani ya mabanda ya vioo ili yadhani usiku umerefuka. Ni ua la bei nafuu, na likitunzwa hukaa wiki mbili au hata zaidi. Tahadhari moja ya adabu: Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Poland, krisanthemu ni ua la makaburini, na tarehe 1 Novemba makaburi hujaa hayo. Nyumbani kwako pamba utakavyo, lakini ukialikwa chakula kwa Mfaransa, chukua kitu kingine.

Waridi lipo mwaka mzima. Soma kibandiko chake: mara nyingi utakuta neno Kenya, na mengi ya hayo yametoka mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha. Yamepanda ndege na kukaa muda mrefu bila maji, hivyo yanahitaji kunyweshwa kuliko mengine kabla hujayapanga. Chagua yenye rangi ya kutu au chungwa lililoiva. Ya waridi mpauko waachie wapendanao wa Februari.

Halafu kuna mchicha. Yale masuke mekundu marefu yanayoning'inia kama mikia, ambayo wauza maua huyauza kwa bei ya kushangaza, ni mchicha, jamii moja na ule wa kwenye sufuria. Ukiwa na kibustani au hata ndoo yenye udongo kibarazani, panda mbegu zake Mei na ifikapo Septemba utakuwa na masuke ya kutosha nyumba nzima.

Kuhusu harufu, usitarajie makubwa. Mtu aliyekulia pwani, aliyezoea asumini na kikuba cha rehani na mlangilangi, ataona maua ya msimu huu ni bubu. Hapa kazi yote ni ya macho. Harufu iachie chetezo na udi.

Kukusanya bila kuvunja sheria

Vitu vingi vya msingi havinunuliwi. Matawi ya mwaloni, koni za msonobari, matunda mekundu ya waridi mwitu, nyasi ndefu zilizokauka, aivi, ule mmea unaotambaa mitini na ukutani, yenye vishada vya matunda: vyote viko kando ya njia za mashambani. England na Wales, sheria ya wizi ya mwaka 1968 inasema kuchuma maua, matunda au majani ya mmea unaojiotea porini si wizi, ilimradi huchumi kwa ajili ya kuuza. Kung'oa mmea na mizizi yake bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa, kwa sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyama na mimea. Bustani za umma na hifadhi zina kanuni zao, na nyingi zinakataza kuchuma chochote. Kilichoanguka chini ndicho salama zaidi, na baada ya usiku wa upepo utaokota matawi mazima.

Chuma asubuhi au jioni, wakati mmea umejaa maji. Beba mkasi wa kupogolea ulionolewa, maana mkasi butu unaponda shina na shina lililopondwa halinywi. Usikombe kichaka kimoja. Ndege nao wanayategemea matunda hayo wakati wa baridi.

Vya kununua, nenda soko la maua kama lipo karibu. Walio London wanalo la Columbia Road, kila Jumapili. Mwisho wa soko wachuuzi hushusha bei kwa sababu hawataki kurudi na mzigo. Walio Marekani na Kanada wanayo mashamba ya maboga, ambayo mwezi wa Oktoba huuza pia mabua ya mahindi na vibuyu vya mapambo.

Kukausha na kuhifadhi

Kama unataka matawi yenye majani laini, yasiyokatika kila ukiyagusa, tumia gliserini, ile ile ya kupaka ngozi inayouzwa duka la dawa. Kazi hii ifanye mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, majani yakiwa bado ya kijani. Wengi husubiri mpaka yabadilike rangi, kisha wanashangaa kwa nini hayanywi. Sababu ni kwamba mti unapojiandaa kuangusha jani huziba njia za maji pale kikonyo kinapokutana na tawi. Jani la namna hiyo halinywi chochote, si maji wala gliserini.

Changanya kipimo kimoja cha gliserini na viwili vya maji moto, koroga mpaka vichanganyike kabisa. Pasua ncha ya tawi la mwaloni au mkaratusi kiasi cha sentimita 5, lisimamishe kwenye mchanganyiko wenye kina cha sentimita 8 hadi 10, uliweke mahali pa kivuli. Baada ya wiki mbili au tatu majani yatageuka rangi ya shaba au kahawia na yatakuwa na mng'ao wa mafuta kidogo. Ukiona vitone vya mafuta juu ya jani, toa, limeshiba. Tawi hilo litadumu miaka.

Majani yaliyokwisha kuwa mekundu au manjano njia yake ni nyingine. Yapange kati ya karatasi za gazeti, yalaze chini ya vitabu vizito kwa wiki moja. Yatakuwa bapa na dhaifu, lakini rangi itabaki. Yanafaa kutandazwa mezani au kufungwa kwenye shada, si kusimama ndani ya chombo.

Haidrenjia, lile ua lenye vichwa vikubwa vya mviringo, usiikate mapema. Subiri mpaka petali zake ziwe kavu kama karatasi ukizigusa, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Septemba. Kata, toa majani yote, simamisha kwenye maji ya sentimita 4 tu na usiongeze mengine. Maji yakiisha, nalo limekauka likiwa na umbo lake. Ukikata Julai, wakati petali bado ni teke, litasinyaa na hutalipenda.

Masuke ya ngano na shayiri, pamoja na mchicha, fungia kwenye mafungu madogo na uning'inize kichwa chini, mahali pakavu penye giza na hewa inayopita. Giza ni la kulinda rangi.

Usiku mmoja kabla ya kupanga

Hatua hii ndiyo watu wanaiona ya ziada, na ndiyo inayoamua kama maua yatakaa siku tatu au kumi. Osha ndoo kwa maji yenye jiki kidogo, suuza, jaza maji ya baridi ya kawaida. Kata kila shina upya, kiasi cha sentimita 2, kwa kushazari ili ncha isikae bapa kwenye sakafu ya ndoo. Toa kila jani litakalozama ndani ya maji. Jani lililozama huoza, bakteria huzaana, na shina huziba. Kisha acha maua yanywe usiku kucha, maji yakifika nusu ya shina, kwenye chumba cha baridi kisicho na mwanga mkali.

Waridi lililoinamisha shingo lizungushie gazeti ili lisimame wima, kata ncha na ulizamishe mpaka karibu na kichwa. Haidrenjia mbichi iliyolegea, zamisha kichwa chote ndani ya beseni la maji ya baridi kwa nusu saa au zaidi. Ni ua linalokunywa hata kwa petali. Dalia ikate au inunue ikiwa imechanua, maana tumba la dalia likishakatwa halifunguki tena. Geuza ua uangalie nyuma: petali za nyuma zikiwa zimeanza kulegea au kukauka, limekwisha hata kama mbele linang'aa.

Kile kipaketi cha chakula cha maua kinachokuja na shada usikitupe. Kina sukari ya kulisha ua, asidi ya kusaidia maji kupanda na dawa ya kuzuia bakteria. Kama hakipo, maji safi yanayobadilishwa kila siku mbili yanatosha kabisa.

Chombo ndani ya chombo

Kuna ugomvi kati ya vikavu na vibichi: maua yanataka maji, na masuke ya ngano au tawi la gliserini likikaa kwenye maji huota ukungu na kunuka. Suluhisho ni kuvitenganisha bila mtu kuona.

Tafuta chombo kipana kisichopitisha mwanga: chungu, birika la zamani, sufuria ya shaba, hata ndoo ndogo ya bati. Tuseme kina kimo cha sentimita 20 na mdomo wa sentimita 15. Katikati weka chupa ya jemu yenye maji. Kama ni fupi, iinue juu ya jiwe bapa mpaka mdomo wake uwe sentimita 2 chini ya mdomo wa chombo. Nafasi iliyobaki pande zote izibe kwa wavu wa waya, ule wa banda la kuku, uliokunjwakunjwa uwe na matundu ya kushika mashina. Vikavu vinasimama kwenye wavu, pakavu. Maua yanaingia kwenye chupa. Wiki ikiisha unachomoa chupa, unaiosha, unatia maua mengine, na msingi haujaguswa.

Wavu wa waya si njia ya kubahatisha. Constance Spry, aliyefungua duka lake la maua London mwaka 1929, ndiye aliyeupa umaarufu, na huyo huyo ndiye aliyezoesha watu kuona matunda ya porini, majani ya mboga na nyasi kwenye mapambo ya heshima. Baadaye, mwaka 1954, likaja lile sifongo la kijani la kuchomekea maua, na wavu ukasahaulika. Siku hizi unarudi, kwa sababu sifongo lile ni plastiki isiyooza na hukatikakatika kuwa vumbi linaloingia kwenye mifereji. Chama cha bustani cha kifalme cha Uingereza, RHS, kililipiga marufuku kwenye maonyesho yake kuanzia 2021. Mwaka huo huo maonyesho yake ya maua ya Chelsea, ambayo kawaida ni ya Mei, yalisogezwa hadi Septemba kwa sababu ya korona, mara ya kwanza katika historia yake, na watu wakaona dalia, nyasi na maboga mahali walipozoea kuona maua ya masika.

Kupanga

Kwa chombo hicho, andaa matawi 5 ya mwaloni au mkaratusi, haidrenjia kavu 3, masuke ya ngano 9, vitawi 3 vya matunda ya waridi, mchicha 2, krisanthemu 5 na dalia au waridi 3.

Anza na matawi. La kwanza liwe refu kuliko yote, likipanda juu ya mdomo wa chombo mara moja na nusu ya kimo chake, yaani sentimita 30 hivi. Lisisimame katikati kabisa. Lisogeze nyuma kidogo upande wa kushoto. La pili fupi kidogo, linaloegemea kulia. Mengine matatu yatoke pembeni, moja likishuka chini ya mdomo wa chombo. Rudi nyuma hatua tatu, tazama. Umbo likiwa na ulinganifu kamili, kulia sawa na kushoto, vunja: punguza tawi moja. Pambo la msimu huu linapendeza likionekana limetoka kichakani, si benki.

Kisha haidrenjia, chini na karibu na mdomo wa chombo, zikificha wavu na chupa. Hizi ndizo zinazobeba uzito wa macho. Masuke ya ngano yafunge matatumatatu kwa uzi na uyachomeke kama fungu; suke moja moja hupotea. Matunda ya waridi yaingie kati ya majani, na mchicha uning'inie mbele upande ule usio na tawi refu.

Maua ni ya mwisho. Krisanthemu ziwe katika kimo tofauti, mbili zikikaribiana na tatu zikitawanyika, na moja ndogo kati ya hizo ichungulie nyuma ya jani. Dalia au waridi, yale matatu makubwa, yaweke karibukaribu upande mmoja. Ukiyatawanya pande zote jicho halijui pa kutua.

Kuhusu rangi: damu ya mzee, kutu, bizari na kahawia vinapatana vyenyewe, lakini vyote ni vizito. Saa kumi na mbili jioni, chini ya taa ya sebuleni, damu ya mzee inageuka nyeusi. Ndiyo maana haidrenjia ziwe za rangi ya maziwa au kijani mpauko, na dalia nyeusinyeusi ziwe mbele yake. Pambo unaloliona zuri mchana dirishani lijaribu usiku kabla hujaridhika.

La meza ya chakula lipunguze. Weka kiwiko mezani, inua ngumi. Pambo lisipite hapo, wanaokula waonane.

Boga kama chombo

Boga zima, lenye kikonyo chake, likikaa pakavu na penye ubaridi hudumu miezi miwili au mitatu. Ukilikata, hesabu siku tano hadi saba. Kwa hiyo kama una wageni Jumamosi, lichonge Ijumaa. Kata kifuniko, komba nyuzi na mbegu (za kukaanga na chumvi), tumbukiza gilasi ya maji, panga krisanthemu na mkaratusi. Lilaze juu ya sahani, maana litavuja na kuacha doa kwenye mbao.

Baada ya tarehe 31 Oktoba maboga hushuka bei sana. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na ladha hafifu, hata ukiyapika kwa nazi. Tafuta madogo ya kula. Vile vibuyu vya mapambo vyenye nundu na milia usivipike kabisa. Ni vichungu, na uchungu huo ni sumu ya tumbo.

Pa kuweka, na hatari zake

Mbali na hita. Mbali na televisheni inayotoa joto. Na mbali na bakuli la matunda: tufaha na ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Picha za magazeti zinapenda kuonyesha tufaha ndani ya pambo. Kwa mchana mmoja wa wageni ni sawa, kwa wiki nzima hapana. Usiku, chupa ya maua ihamishie kwenye ukumbi wa baridi kama hujali kuibeba.

Mishumaa ya moto na vitu vikavu havikai meza moja. Tumia ile ya betri. Chetezo pia kiweke upande mwingine wa chumba.

Nyumba yenye watoto wadogo, acha matunda ya aivi nje, na usiingize kabisa mti wa yuu wenye vitunda vyekundu, una sumu kali. Paka hapatani na krisanthemu, na yungiyungi linaweza kumuua, hata chavua yake tu.

Shada la mlangoni

Hili ni jepesi. Kunja matawi mateke ya mzabibu au mierebi yawe duara la sentimita 35, funga kwa waya mwembamba. Funika theluthi mbili tu kwa majani ya gliserini, koni na matunda ya waridi, theluthi iliyobaki iache wazi. Mlango unaopigwa na mvua usiuwekee haidrenjia kavu. Italowa na kuwa tope.

Novemba ikiisha

Toa chupa, tupa maua na matunda yaliyosinyaa kwenye mboji. Peleka vikavu nje uvikung'ute vumbi. Matawi ya gliserini yafute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yaache yakauke siku nzima, kisha yalaze kwenye boksi la karatasi kati ya magazeti. Mfuko wa plastiki unazuia hewa, na ukungu utaanza kabla ya Krismasi. Haidrenjia zipulizie spreyi ya kushikiza nywele kabla ya kuzihifadhi, petali zisimwagike. Ngano na shayiri zitie kwenye debe lenye kifuniko kinachobana. Ukiziacha wazi stoo, ifikapo Machi panya watakuwa wamebakiza mabua.